Kuku wa Frigo na Haraka ya Makala

Naongea na ninyi mnaotusikia hapa Butembo, na ninyi wa Beni, wa Oicha, wa Mangina, wa Kasindi, na ninyi mlio kwenye gari kati ya Maboya na Kabasha, kama redio ya dereva bado inakamata. Mama, kama uko jikoni usiache chungu. Sogeza tu redio karibu, maana leo nakuja humo humo jikoni.

Tunaongea juu ya nyama. Siongei bei yake. Hiyo mnaijua kuliko mimi. Naongea juu ya kuiva kwake. Swali ni hili: nyama au kuku asiyeiva vizuri, mtu anaweza kumla asipate shida?

Mtaniambia, ndugu, hilo nalo ni swali? Nani hapa kwetu anakula nyama mbichi? Sisi tunapika sombe mpaka jirani analalamika moshi. Kweli. Nyumbani tunapika sana. Lakini jioni ukipita kwenye nganda, ukakaa, ukaagiza kuku, chupa ikafunguliwa, halafu sahani ikaja na paja lililoungua juu na jekundu mfupani, wangapi wanairudisha? Wachache sana. Na mezani hapo hakosekani mmoja wa kusema: ah, kula tu, hata Wazungu wanakula nyama ya damu.

Nitoe jibu mapema, ili hata atakayezima redio sasa hivi aondoke nalo. Kuku asiyeiva, hapana. Nguruwe asiyeiva, hapana. Nyama ya kusaga isiyoiva, hapana. Kipande kizima cha ng'ombe, hapo pana maneno, nitayasema. Na nyamafu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, hapana hata ukimpika siku nzima. Hilo la mwisho lishikeni, tutalirudia.

Nianze na hao Wazungu wa damu, kwa sababu hoja yao inasumbua. Familia nyingi za hapa zina mtoto Bruxelles au Paris. Anakuja likizo, anasimulia: kule restora wanakuuliza, nyama yako tuiache na damu au tuiivishe? Wabelgiji wana chakula chao wanakiita filet américain, ng'ombe mbichi wa kusagwa, anapakwa juu ya mkate. Tena si Wazungu peke yao. Waethiopia wana kitfo, nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa na kuchanganywa na siagi na pilipili, na wengi wanaitaka mbichi kabisa au imepashwa kidogo tu. Sasa, mbona hawafi?

Hawafi, lakini bei wanailipa. Huko Ethiopia kuna mti unaitwa kosso. Kwa karne nyingi watu wamechuma maua yake, wakayasaga, wakayanywa ili kutoa mnyoo tegu tumboni. Huyo mnyoo unamtoa wapi? Kwenye nyama ya ng'ombe mbichi. Watu waliopenda nyama mbichi waliujua ugonjwa wake na waliweka dawa karibu. Mila ilikuwa na pande mbili. Sisi tunataka kuazima upande mmoja tu, ule wa utamu.

Sasa kipande kizima cha ng'ombe kikoje? Mnyama mzima wa afya, ndani ya mnofu wake kwa kawaida hamna mikrobe nyingi. Uchafu uko juu: pale palipogusa ngozi, kisu, mikono, pale palipomwagikiwa na utumbo. Ukikichoma vizuri pande zote, moto umepita palipo na uchafu, na ndani pakibaki pekundu hatari imepungua. Imepungua, sikusema imekwisha. Yule mnyoo wa ng'ombe anakaa ndani ya mnofu wenyewe. Wazungu wanamkwepa kwa sababu ng'ombe wao ametazamwa na daktari wa mifugo akiwa hai, akatazamwa tena akiwa ameninginizwa, na kutoka machinjioni hadi mezani hakutoka kwenye baridi. Na hapa kwetu? Nyama inachinjwa alfajiri, inatundikwa, saa tisa mchana bado imetundikwa, nzi wameshaihesabu mara nyingi. Tupate kwanza hiyo baridi na huyo daktari, ndipo tukae tuongee juu ya damu.

Na nyama ya kusaga? Hiyo haina juu wala ndani. Mashine imechukua kilichokuwa juu ikakichanganya na cha katikati. Mwaka 1993, huko Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua kwa kula mikate yenye nyama ya kusaga ambayo haikuiva katikati. Watoto 4 walikufa. Mikrobe yenyewe ilikuwa aina ya E. coli inayoharibu figo za watoto. Hiyo ni nchi yenye frigo kila nyumba. Basi mama, ile nyama ya kusaga unayotia kwenye sambusa, ipike kwanza iive kabisa kwenye chungu, ndipo uifunge. Usitegemee yale mafuta ya dakika chache.

Sasa tufike kwa kuku, na hapa nitakaa kidogo.

Niambie: wewe unajuaje kuku ameiva? Mama zetu walitufundisha. Unachoma uma, au unabonyeza kwa kidole: kama ni laini, ameiva. Ni alama nzuri, na ilitulinda miaka mingi. Kwa nini ilitulinda? Kwa sababu kuku tuliyekuwa naye ni kuku wa kijiji, aliyekimbia milima ya Lubero, mguu wake mgumu kabisa. Huyo akianza kulainika, ujue amekaa kwenye maji yanayochemka saa nzima au zaidi. Mikrobe zilishakufa zamani. Ulaini ulikuja nyuma, usalama ulishatangulia.

Lakini kuku wa siku hizi ni yupi? Ni kuku wa kizungu, aliyefugwa wiki sita au saba kwenye banda. Au ni mapaja ya frigo, yanayokuja kwa katoni kutoka nchi za mbali. Huyo ni laini kabla ya kuiva. Ni laini hata kabla ya kuona moto! Ukimbonyeza kwa kidole anakukubalia upesi, na ndani bado ni mbichi. Ile alama ya mama imegeuka: sasa ulaini unatangulia, usalama unakuja nyuma. Na sisi bado tunabonyeza kwa kidole.

Twendeni pamoja jioni kwa mchomaji, tumtazame anavyofanya kazi. Simsemi vibaya, ni kijana anayetafuta riziki. Saa kumi na moja anatoa mapaja kwenye frigo, au kwenye kasha ambalo umeme ulilikimbia tangu mchana. Yameshikana. Anayabandua kwa kisu. Anayapaka mafuta, chumvi, pilipili, na anayaweka juu ya wavu. Moto ni mkali, kwa sababu wateja wameanza kukaa na makala ni ghali. Hawezi kuyaacha yaungue bure. Ngozi inakauka, inakuwa ya dhahabu, inakuwa nyeusi pembeni. Harufu imefika barabarani. Dakika 15, mteja anapiga makofi: kijana, leta! Lakini pale kwenye mfupa, pale kwenye goti la kuku, barafu ilikuwa bado haijayeyuka wakati paja linapanda motoni. Joto lote limetumika kuyeyusha barafu. Juu limeungua, ndani ni vuguvugu.

Vuguvugu, wasikilizaji. Mikrobe za kuku hazitaki kingine. Kuna moja inaitwa salmonela, kuna nyingine inaitwa kampilobakta. Hata kuku mwenye afya anazibeba tumboni bila kuugua, na akichinjwa zinaenea mwili mzima. Ili zife, joto la ndani kabisa, kwenye mfupa, lifike kama digrii 74. Ukila kabla, baada ya siku moja au mbili au tatu tumbo linakata, homa inapanda, unahara, pengine na damu. Wengi wanapona. Lakini mtoto mdogo, hasa mwenye malaria au utapiamlo, salmonela inaweza kuingia kwenye damu yake, na huko inaua. Hiyo kampilobakta nayo, mara chache, inamwachia mtu ugonjwa wa kupooza miguu, wiki kadhaa baada ya yeye kusahau alikula nini.

Hapo nifungue mabano. Hapa kwetu kila tumbo likiuma tunasema ni tifoide. Tifoide ya kweli haitoki kwa kuku. Inatoka kwa binadamu mwenzako, inapitia maji machafu na mikono isiyonawa. Salmonela ya kuku ni ndugu yake, lakini ni ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kabla ya kumeza vidonge vya tifoide ulivyonunua dukani kwa kukisia, nenda upimwe. Nafunga mabano.

Basi tufanyeje, tuache kuku wa kuchoma? Hapana, na mimi nampenda. Dawa ni rahisi na wachomaji wengi wazuri wanaijua: tokosa kwanza, choma baadaye. Yeyusha mapaja mpaka barafu iishe. Yatie kwenye maji na chumvi, tangawizi, kitunguu. Maji yakishachemka, yaache dakika 25 au 30. Toa, yapeleke kwenye makala moja kwa moja. Usiyatoe yakiwa nusu-mabichi ukayaacha kwenye beseni mpaka mteja aje. Kwenye wavu sasa unatafuta rangi na ladha tu, na hiyo haichukui muda. Tena unaokoa makala. Mchomaji anayenisikia, hesabu mwenyewe: chungu kimoja kinaivisha mapaja 20 kwa moto mmoja.

Na wewe mteja? Usitazame ngozi. Chukua kisu, pasua kwenye kiungo, pale paja linapokutana na mguu. Maji yanayotoka yawe meupe. Nyama iwe imebadilika rangi yote na iachane na mfupa bila kuvutwa. Ukiona inang'aa kama kioo, inateleza, inanata mfupani, rudisha. Ni haki yako, umelipa. Ila niseme na upande wa pili, nisimuonee mchomaji: kuku mdogo aliyegandishwa, mfupa wake unaweza kutoa wekundu hata akiwa ameiva kabisa. Rangi peke yake inadanganya pande zote mbili. Ndiyo maana nasema tokosa kwanza. Ukishajua alichemka nusu saa, huhitaji kubishana na rangi.

Kuna swali la watu wa Butembo hasa. Waliohama kutoka Beni wakapanga huku juu, wanalalamika: maharage ya Butembo hayaivi! Hawajarogwa. Butembo iko juu, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kule baharini, Mombasa, yanachemka kwa digrii 100. Beni ni kama 96. Hapa Butembo ni kama 94. Chungu kinatoa povu, kinaruka, lakini joto lake ni pungufu, na maharage yanachelewa. Je, nyama nayo inabaki na hatari? Hapana. 94 bado ni juu sana ya 74 tuliyoitaja. Kwa hiyo mlima unatuchelewesha kulainisha, hautuzuii kuua mikrobe. Kuku wa kijiji aliyechemka saa nzima hapa Butembo anaweza kukuchosha meno, lakini tumbo lako liko salama. Mmeona tena? Ulaini na usalama ni vitu viwili.

Sasa nguruwe. Hapa naomba hata walio nje waingie ndani, kwa sababu jambo hili wengi hawalijui.

Mnawajua wanunuzi wa nguruwe wanavyofanya. Mnyama anaangushwa, anapiga kelele kijiji kizima kinasikia, kijiti kinatiwa mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na mnunuzi anapapasa chini ya ulimi kwa vidole. Anatafuta nini? Vipunje. Vipunje vyeupe vigumu-vigumu, kama punje za mchele. Akivipata, anakataa, au anashusha bei. Swali langu kwenu: nguruwe aliyekataliwa anaenda wapi? Mara nyingi anachinjwa vilevile, nyuma ya nyumba, na nyama inauzwa rahisi.

Vile vipunje ni vitoto vya mnyoo tegu. Ukila nyama ile haijaiva, kitoto kinaamka tumboni mwako, kinakuwa mnyoo mrefu wa mita kadhaa. Wewe pengine husikii kitu, njaa kidogo, tumbo kidogo. Lakini kila siku unapokwenda chooni unatoa mayai kwa maelfu. Na hapa ndipo pabaya: hayo mayai yakiingia mdomoni mwa mtu, kwa mikono isiyonawa, kwa mboga iliyomwagiliwa maji machafu, hayawi mnyoo tumboni. Yanapita kwenye damu, yanakwenda kukaa kwenye misuli, kwenye macho, na kwenye ubongo. Kwenye ubongo yanaleta kifafa.

Nirudie polepole. Anayekula nguruwe mbichi anapata mnyoo. Anayepata kifafa anaweza kuwa mtoto wake, mke wake, jirani yake, mtu ambaye hajawahi kugusa nguruwe, hata Mwislamu au Msabato. Kosa limefanyika kwenye sahani ya mmoja, adhabu imeanguka kwenye kichwa cha mwingine.

Huko Tanzania, wilayani Mbulu, kwenye hospitali ya Haydom, waliwapiga picha za kichwa wagonjwa wa kifafa, na kwa sehemu yao walikuta hivyo vitoto vya mnyoo vimelala kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba, palipo na nguruwe wanaozurura na watu wasio na vyoo, karibu theluthi moja ya kifafa inaweza kutokana na mnyoo huu. Kifafa kina sababu nyingine pia: malaria ya kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, ajali. Lakini fikirieni ni wangapi hapa kwetu wamepelekwa kwa waganga, wamefungiwa kwenye vyumba vya maombi, wameachwa wanaungua motoni kwa sababu watu wanaogopa kugusa povu la mdomoni. Povu haliambukizi. Mguse bila hofu, mlaze kwa upande, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya. Dawa ya kifafa ipo.

Kwa nguruwe basi: kata vipande vidogo, tokosa mpaka katikati pasibaki wekundu wowote, halafu kaanga au choma utakavyo. Mfungie nguruwe asile kinyesi cha watu, na jenga choo. Bila choo, hata mkipika vizuri ninyi nyote, mmoja tu aliyekula vibaya anatosha kuwarudishia mnyoo.

Siwezi kuongea juu ya nyama hapa Beni na Butembo nisitaje Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Mangina. Tukaishi nayo mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Nyumba nyingi zinazotusikia sasa zina kiti kilichobaki wazi, na hao tunawaheshimu.

Wakati ule ujumbe ulikuwa mwingi, na mmojawapo ulisema: msile nyama ya pori. Watu wakajibu: babu zetu walikula nyani na nyama ya pori maisha yao yote, mbona hawakufa? Ugomvi ukaanzia hapo, na imani ikapungua. Mimi naona ujumbe ulikuwa mfupi mno. Ulikuwa unahitaji maneno mawili zaidi. Kwanza: kirusi cha Ebola kinakufa kwenye chungu kinachochemka. Anayekula nyama iliyochemka vizuri si yeye aliye mbele ya hatari. Aliye mbele ni mwindaji, ni yule aliyeokota mnyama amekufa msituni, ni mama aliyemchuna na kumkata kwa mikono yenye mchubuko. Damu mbichi ndiyo mlango. Pili: hapa kwetu ugonjwa ulienea toka mtu hadi mtu, kwa kuuguza, kwa kuosha maiti, ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Kama watu wa riposti, yaani wa kupambana na Ebola, wangelieleza hivyo tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kinande, naamini mabishano mengine tusingekuwa nayo. Na wacha niulize, kwa kupita: zile ndoo za kunawa zilizokuwa mlangoni mwa kila nganda na kila kanisa, zilikwenda wapi? Zilikuwa zinatukinga na vitu vingi kuliko Ebola.

Sasa nyamafu. Niliahidi.

Mnakumbuka mwezi wa nne mwaka 2025? Viboko, kama 50, walionekana wakielea wamekufa kwenye mto Ishasha, ndani ya mbuga ya Virunga, karibu na ziwa Edouard. Nyati pia walikufa. Vipimo vikasema kimeta. Wakuu wa mbuga wakawaonya watu wasiguse mizoga na wachemshe maji ya kunywa. Lakini kiboko mmoja ni nyama ya kijiji kizima, na wakati wa njaa, na watu wamekimbia vita, kumwambia mtu aache nyama ile ielee ipite zake ni jambo gumu. Naelewa ugumu huo. Bado nasema hapana.

Kwa nini, kama moto unaua? Kwa sababu kimeta si kama salmonela. Mikrobe yake, mzoga ukipasuliwa na hewa ikaigusa, inajifunga ndani ya gamba. Ndani ya gamba hilo inakaa kwenye udongo miaka mingi, na kuchemsha kwa jikoni hakutoshi kukupa uhakika. Tena hata kabla ya chungu: anayechuna anapata kidonda cheusi mkononi, anayekula anaugua tumbo, na anayevuta vumbi lake hatari yake ni kubwa kuliko wote. Si viboko tu. Ng'ombe aliyeanguka ghafla akafa, damu inatoka puani na haigandi, usimpasue, usimkimbilie kwa kisu eti ahalalishwe kabla hajapoa. Mwite daktari wa mifugo. Azikwe kwa kina kirefu, mzima na ngozi yake. Najua ni hasara. Mwenye ng'ombe analia, na bucha wa njia za panya anasimama pembeni na pesa mkononi. Ndiyo maana kwa sisi wanunuzi, nyama rahisi kupita kiasi ni ya kuulizia: ilichinjwa wapi? Nani aliiona? Iko na muhuri?

Limebaki jambo dogo, na linawaangusha wapishi wazuri. Kuku umempika ameiva, sawa. Lakini kisu ulichomkatia, umekatia nini baadaye? Nyanya. Ubao uleule? Ndiyo. Na kule kwa mchomaji, uma uliogeuza nyama mbichi ndio unaoweka nyama iliyoiva kwenye sahani, na sahani ni ileile iliyoleta nyama mbichi. Mikrobe haikuhitaji kupita motoni, imezunguka. Anza na mboga, kisha nyama. Au osha kisu na ubao kwa sabuni katikati. Kuna wanaosema usimwoshe kuku kabisa, maji yanarusha uchafu. Hao wanaongea na mtu aliyenunua kuku aliyesafishwa, wa pakiti. Mama aliyechinja uani, akamnyonyoa kwa maji ya moto, akatoa utumbo, ataachaje kuosha? Osha, lakini osha ndani ya beseni chini, usirushe maji, mbali na vyombo vilivyo safi na mbali na mtoto anayetambaa. Maji yale yamwage, beseni lioshe kwa sabuni, na mikono pia.

Na kiporo? Nyama iliyobaki usiku ipashe mpaka ichemke, si mpaka ipate joto la kinywani. Ila kama imelala nje tangu mchana na imeanza kunuka, kuichemsha hakuisafishi. Kuna sumu ambazo mikrobe zinaacha na moto hauzigusi.

Mtu akishaugua je? Mpe maji yenye chumvi na sukari, au ile pakiti ya kituo cha afya, kidogo kidogo na mara nyingi. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, mtoto hakojoi au analegea, usingoje kesho. Kama ni usiku na njia ni mbaya, piga simu kwa wauguzi mapema wakushauri, kisha tafuta motari unayemjua.

Muda umekwisha, fundi ananionyesha saa. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutaongea juu ya maziwa mabichi, na najua wafugaji mnaonisikia mmeshaanza kukunja uso. Andaeni maswali yenu. Mama, rudi kwenye chungu chako.